RAHA YA ABIRIA NA UTII WA GARI: HISTORIA FUPI YA SPRINGI NA ISTILAHI ZAKE

Utangulizi

Miongoni mwa fani ambazo Kiswahili kimezipokea kwa mikono ya watu kabla ya kuzipokea kwa vitabu, ufundi wa magari unashika nafasi ya mbele. Fundi wa gereji hakungoja kamati ikae. Alipofungua boneti alihitaji kuviita vitu kwa majina siku ile ile, naye akaviita: springi, shokomzoba, bushi, stabilaiza, ekseli, difu. Maneno hayo yamefanya kazi kwa miaka mingi, na wala hatuna haki ya kuyadharau. Walakini, maneno yanayotosha kununulia spea dukani huenda yasitoshe kuandikia kitabu cha mafunzo, ripoti ya ajali au tafsiri ya mwongozo wa kiwanda. Katika kazi hizo mwandishi hahitaji jina la kipuri peke yake. Anahitaji pia jina la kazi ya kipuri hicho, na jina la tabia ya gari zima.

Katika makala haya tumekusudia kulieleza swali moja lililowashughulisha wahandisi kwa zaidi ya karne moja, yaani: gari lifanyweje ili liwe laini kwa abiria na papo hapo liwe tiifu kwa dereva? Tumeichagua njia ya historia kwa sababu tunaamini kwamba istilahi nzuri haiundwi kwa kulitazama neno la kigeni, bali kwa kukitazama kitu chenyewe na safari kiliyosafiri. Mwishoni tutatoa mapendekezo machache, ili wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime kwa kazi zao.

1. Neno lililozaliwa kwenye mikanda ya ngozi

Kiingereza na Kifaransa huuita mfumo mzima unaokaa baina ya bodi ya gari na magurudumu yake kwa neno moja, suspension, ambalo asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutundika. Msomaji anayelitazama gari la leo atashangaa: ni kitu gani kilichotundikwa hapo? Gari limekaa juu ya springi zake kama mtu aliyekaa juu ya kiti.

Jibu limo katika magari ya farasi ya Ulaya. Katika karne ya 15 na zilizofuata, mafundi waligundua kwamba abiria hupata nafuu wakilitundika sanduku la gari kwa mikanda ya ngozi au minyororo, badala ya kulifunga moja kwa moja juu ya ekseli. Kijiji cha Kocs huko Hungaria kilivuma sana kwa magari yake hata jina lake likaingia katika lugha nyingi za Ulaya kuwa jina la gari la farasi. Hivyo neno la kutundika lilikuwa kweli tupu: sanduku lilining'inia.

Raha hiyo ilikuja na adha yake. Sanduku lililotundikwa kwa ngozi liliyumba kama mashua, abiria wakachafukwa na moyo, na katika kona kali mzigo ulihamia upande mmoja. Tangu mwanzo, basi, mambo mawili tunayoyachunguza hapa yalikuwa yakivutana: kilichompumzisha abiria kilimnyima dereva mamlaka juu ya chombo chake.

Mwaka 1804, Mwingereza Obadiah Elliott aliweka springi za chuma zilizofanywa kwa mabapa yaliyopangwa na kupindwa, pinde mbili zikitazamana na kufanya umbo la yai. Toka hapo sanduku halikuhitaji kutundikwa tena, lilikalia springi. Kitu kikaenda mbele, neno likabaki nyuma. Wazungu wameendelea kulitumia neno la kutundika kwa sababu masikio yao yamekwisha kulizoea, wala hakuna anayekumbuka mikanda ya ngozi anapolitamka.

Hapa pana fundisho kwa mfasiri. Anayelifuata neno hilo kwa asili yake atapata "mning'inio," na msomaji wake atatafuta kinachoning'inia asikione. Anayelifuata kwa maana nyingine ya neno hilo hilo atapata "kusimamishwa," kama mtumishi anavyosimamishwa kazi. Kosa hili la pili si la kubuni, limo katika tafsiri nyingi zinazotolewa na mashine siku hizi, ambamo gari husifiwa kwa "kusimamishwa kwake kulaini." Fundi yeyote atakayeisoma sentensi hiyo atadhani gari limekamatwa na askari.

Yafaa tukumbuke pia kwamba Kiswahili kilikuwa na neno lake la kitu hiki kabla ya motokaa kuenea pwani. Neno kamani, linalojulikana zaidi kwa springi ya saa, limetufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi, na asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya upinde. Elliott alipozipanga pinde zake za chuma hakujua Kiajemi, lakini aliyeiita springi kwa jina la upinde alikuwa ameona jambo lile lile: chuma kilichopindwa hutaka kurudi kilikotoka, na nguvu ya kurudi ndiyo inayobeba.

2. Springi hubeba, na kingine hutuliza

Ili swali letu lieleweke, ni lazima tuzitenge kazi mbili ambazo mazungumzo ya kila siku huzichanganya. Gurudumu linapopanda jiwe, springi hujikunja na kuimeza nguvu ya pigo. Lakini springi haina desturi ya kula kilicho cha watu, ilichokimeza hukirudisha. Ikiachwa peke yake, itajikunja na kujinyoosha mara nyingi, na gari litaendelea kurukaruka hata baada ya jiwe kupitwa zamani.

Katika magari ya farasi tatizo hili halikuwa kubwa, kwa kuwa mabapa ya springi yalisuguana na msuguano ule ulipunguza mrukoruko. Motokaa ilipoongeza mwendo, msuguano huo haukutosha tena. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mfaransa Truffault na Mmarekani Hartford walieneza kifaa cha sahani zinazosuguana, kilichofungwa baina ya ekseli na fremu. Baadaye vikaja vifaa vya mafuta, ambamo pistoni husukuma mafuta yapite katika vitundu vidogo. Mafuta hukataa kupita upesi, na kukataa huko ndiko kunakoutuliza mtikisiko.

Kifaa hiki ndicho ambacho Waingereza na Wamarekani walikiita kwa jina la kufyonza mshtuko, na ambacho gereji zetu zimelimeza jina hilo zima zima na kulitoa kwa umbo la Kiswahili: shokomzoba. Lakini tazama: anayefyonza mshtuko ni springi! Shokomzoba haifyonzi mshtuko bali huutuliza mtikisiko unaofuata mshtuko. Hata wahandisi wa Kiingereza wenyewe, wanapoandika kwa uangalifu, hulikwepa jina hilo na kutumia jingine lenye maana ya kutuliza. Mfasiri anayeandika "kifyonza mshtuko" anatafsiri kosa la wenzake kwa uaminifu mkubwa.

Mwalimu anaweza kuionyesha tofauti hii bila ya chombo chochote. Aibonyeze kona moja ya gari kwa uzito wake kisha aiachie. Ikiwa shokomzoba ni nzima, kona ile itapanda na kutulia. Ikiwa imekufa, itapanda na kushuka mara kadhaa kama mtumbwi penye mawimbi. Barabarani, gurudumu lenye shokomzoba iliyokufa hupoteza sehemu ya muda wake hewani, na gurudumu lililo hewani halifungi breki wala halipindi kona.

3. Detroit na gari lililobebeshwa vyuma

Kwa miongo mitatu ya kwanza ya motokaa, watengenezaji wengi waliridhika na ekseli moja nzima mbele na moja nyuma, zote juu ya springi za mabapa. Wapo waliotangulia wenzao. Mwaka 1922 kampuni ya Lancia ya Italia ilionyesha gari la Lambda, ambalo magurudumu yake ya mbele yalipanda na kushuka kila moja kwa nafsi yake. Lakini aliyelifanya jambo hili kuwa elimu ni Maurice Olley, Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce na kujiunga na General Motors huko Marekani mwaka 1930.

Olley na wenzake walilichukua gari kubwa na kulibebesha vyuma ambavyo viliweza kuhamishwa mbele na nyuma, kisha wakalipanda na kulisafiri, wakibadili mizani na ugumu wa springi mpaka wapate mwendo usiochosha. Hawakuwa na chombo cha kupimia raha. Kipimo kilikuwa miili yao. Waligundua jambo lililopingana na desturi ya wakati ule: springi za mbele zapaswa kuwa laini kuliko za nyuma. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Tuta huifikia sehemu ya mbele kwanza. Ikiwa mbele hutikisika polepole na nyuma upesi kidogo, nyuma huiwahi mbele, na gari zima hupanda na kushuka kwa pamoja badala ya kuinama na kuinuka kama farasi wa mbao.

Ugunduzi huo ulileta shida mpya. Springi laini zikifungwa chini ya ekseli nzima ya mbele, magurudumu hutetemeka na usukani hupoteza adabu. Kwa hiyo ulaini wa mbele ulidai magurudumu yanayojitegemea, na magari ya Cadillac na Buick ya mwaka 1934 yakatoka nayo. Msomaji aone kwamba raha ya abiria ndiyo iliyolazimisha mageuzi katika utii wa gari. Mambo hayo mawili si maadui wa kuzaliwa.

Ni katika miaka hiyo hiyo ya 1930 wahandisi wa kundi hili walipoanza kutumia maneno mawili ambayo leo yamo katika kila kitabu cha magari: moja la gari linalopinda kuliko usukani ulivyoamuru, na jingine la gari linalopinda pungufu ya amri. Kabla ya hapo madereva walijua kwamba gari fulani "lina tabia mbaya," lakini hawakuwa na jina la tabia hiyo. Kupewa jina kuliwawezesha kuipima, na kuipima kuliwawezesha kuirekebisha. Wale wanaodhani kwamba uundaji wa istilahi ni kazi ya mapambo na walitafakari jambo hili.

4. Mayai ya mkulima wa Kifaransa

Katikati ya miaka ya 1930, Pierre-Jules Boulanger wa kampuni ya Citroën aliwapa wahandisi wake masharti ya gari la watu wa mashambani. Libebe wakulima pamoja na kilo 50 za viazi, liende kilometa 60 kwa saa, lisile zaidi ya lita 3 kwa kilometa 100, na liweze kuvuka shamba lililolimwa likiwa na kikapu cha mayai bila ya yai hata moja kuvunjika. Vita vilichelewesha kazi, na gari hilo, 2CV, lilionyeshwa hadharani mjini Paris mwaka 1948. Liliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1990.

Siri yake ilikuwa kuyaunganisha magurudumu ya upande mmoja, la mbele na la nyuma, kwa springi za koili zilizolazwa ubavuni mwa gari. Tuta lililoinua gurudumu la mbele lilitumwa habari zake nyuma, na bodi ikabaki sawia. Springi zilikuwa laini kupita kiasi cha mazoea, na katika kona gari lililala ubavu hata watazamaji wakaogopa. Lakini halikupinduka kwa wepesi, wala matairi yake hayakuiachia barabara. Kwa hiyo gari hili lilithibitisha kwamba kulala kwenye kona ni jambo moja, na kuiachia barabara ni jambo jingine. Msemaji wa Kiswahili anayesema "gari hili linashika barabara" anataja sifa ya pili tu.

Mwaka 1955 kampuni hiyo hiyo ilitoa gari la DS. Paul Magès, aliyejifunza mengi kwa kujitegemea, alizitupa springi za chuma na kuweka tufe za chuma zenye gesi ya naitrojeni upande mmoja wa utando na mafuta upande wa pili. Gurudumu lilipopanda, mafuta yaliibana gesi, na gesi ikawa ndiyo springi. Pampu iliyozungushwa na injini iliongeza au kupunguza mafuta ili gari lisiiname kwa mzigo. Gesi ina tabia njema: kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kuwa ngumu. Hivyo gari lilikuwa laini kwa vijiwe na kaidi kwa mashimo. Tarehe 22 Agosti 1962, wakati Rais de Gaulle aliposhambuliwa kwa risasi huko Petit-Clamart, matairi ya DS yake yalipasuliwa, na bado dereva aliweza kulitoa gari hatarini.

Kwa mintarafu ya lugha, gari la DS lina swali lake: je, gesi iliyo ndani ya tufe ni springi? Anayelielewa neno springi kuwa waya wa chuma uliosokotwa atasema siyo. Anayelielewa kwa kazi yake, yaani kitu kinachojikunja kwa mzigo na kurudi, atasema ndiyo. Sisi tunaungana na huyu wa pili, kwani istilahi inayofuata umbo hufa umbo linapobadilika.

5. Waingereza na gari dogo

Upande wa pili wa mvutano huu waonekana Uingereza. Gari la Mini la mwaka 1959, lililobuniwa na Alec Issigonis, halikuwa na nafasi ya springi za kawaida. Alex Moulton alilipatia springi za mpira zenye umbo la koni. Zilikuwa fupi na ngumu, na abiria walizisikia mgongoni. Lakini magurudumu yaliyowekwa kwenye pembe nne za gari, pamoja na ugumu ule, yaliufanya usukani kuitikiwa papo hapo, na mwaka 1964 Mini lilishinda mashindano ya Monte Carlo mbele ya magari yenye nguvu zaidi. Hapo raha iliuzwa ili utii ununuliwe.

Walakini, mwaka 1962 Colin Chapman wa Lotus alionyesha kwamba biashara hiyo si ya lazima. Gari lake la Elan lilikuwa na springi laini zenye kupanda na kushuka kwa mapana, na bado lilisifiwa kwa utii kuliko magari magumu. Lilikuwa na uzito wa chini ya kilo 700, na mikono iliyoyaongoza magurudumu ilihesabiwa kwa makini. Chombo chepesi hakihitaji springi ngumu ili kizuiwe. Aliye na mzigo mdogo, hata kamba ya ukindu yamtosha.

Baina ya njia hizo mbili ikapatikana njia ya watu wengi: springi za wastani pamoja na stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Gari linapotaka kulala kwenye kona, fimbo husokotwa na kukataa. Linapopita tuta pana kwa magurudumu yote mawili, fimbo hujizungusha tu bila ya kuongeza ugumu. Kasoro yake huonekana gurudumu moja linapoingia shimoni peke yake, kwani fimbo hupeleka pigo upande wa pili.

6. Barabara za Afrika Mashariki zatoa hukumu

Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikimbiwa wakati wa Pasaka, majira ya mvua, katika vumbi, matope na mawe. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 gari la aina hiyo hiyo lilishinda likiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania. Ndugu yake mdogo, Peugeot 504, alishinda mwaka 1975 na 1978.

Magari hayo hayakuwa ya mbio kwa asili yake. Yalikuwa magari ya familia. Sifa yao ilikuwa springi laini za koili zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, pamoja na shokomzoba ambazo Peugeot ilizitengeneza yenyewe badala ya kununua. Gari la 504 likawa baadaye teksi ya masafa marefu nchini Kenya, na huko Kaduna, Nigeria, likaundwa kuanzia mwaka 1975.

Kwa nini gari laini lilishinda mbio? Hapa ndipo kiini cha makala haya kilipo. Katika barabara ya lami iliyonyooka, springi ngumu hulizuia gari lisilale, na matairi hukaa wima juu ya njia; kwa hiyo ugumu ni utii. Katika barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati, springi ngumu huyarusha magurudumu kutoka kilele hadi kilele, na tairi lisilogusa ardhi halina utii wowote. Hapo ulaini ndio utii. Mvutano wa raha na utii si sheria ya maumbile. Ni mazungumzo baina ya gari na barabara, na barabara ikibadilika jibu hubadilika.

Ukweli huu una madhara katika maneno. Matangazo na miongozo inayotafsiriwa kutoka nje mara nyingi huzisifu springi "imara" za magari ya kispoti. Neno imara ni sifa njema katika Kiswahili. Kinyume chake ni dhaifu, na hakuna anayetaka kununua kilicho dhaifu. Lakini springi ngumu si imara kuliko laini. Springi ya Peugeot ilikuwa laini, nayo ilidumu pale ngumu zilipokatika. Yafaa tuseme springi ngumu na springi laini, tuliache neno imara kwa kile kisichokatika. Vivyo hivyo mwenye gari anapomwomba fundi aongeze mabapa ya springi ili abebe mzigo zaidi, tusiseme gari "limeimarishwa." Limefanywa gumu, likiwa tupu litarukaruka, na breki zake hazikuongezeka.

7. Mitambo inayojiamulia

Tangu miaka ya 1980 wahandisi wamejaribu kuukata mvutano huu kwa kompyuta. Lotus ilijaribu katika gari lake la mbio la mwaka 1983 mfumo ambamo mafuta yenye shinikizo huamriwa kuyasukuma au kuyavuta magurudumu. Mwaka 1987 Ayrton Senna alishinda Monaco na Detroit kwa gari la Lotus lenye mfumo huo, na mwaka 1992 Nigel Mansell alitwaa ubingwa wa dunia kwa gari la Williams lenye mfumo wa jamii hiyo. Kuanzia msimu wa 1994 mifumo hiyo ilipigwa marufuku katika mashindano hayo.

Katika magari ya kawaida njia iliyoenea zaidi ni ya kuibadili shokomzoba peke yake. Cadillac ilitangulia mwaka 2002 kuuza gari ambalo mafuta ya shokomzoba yake yana chembe za chuma. Umeme unapopitishwa, mafuta huwa mazito mara moja. Tufe za Citroën, kwa upande wake, zilifikia mwisho mwaka 2017. Pamoja na hayo yote, mipaka haikuhama sana. Mwili wa binadamu haujabadilika. Kipimo cha kimataifa kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1974 kinatambua kwamba mtikisiko wa kupanda na kushuka humsumbua mtu aliyekaa zaidi ukiwa wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde, ilhali ule wa polepole mno, chini ya nusu mara kwa sekunde, huleta kichefuchefu. Ndiyo maana magari ya raha hutikisika karibu mara moja kwa sekunde, na ya kispoti karibu mara mbili.

8. Mapendekezo ya istilahi

Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi zetu hututaka tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha nyingine za Kiafrika, ndipo tukope kutoka nje. Tukiufuata pamoja na historia tuliyoieleza, tunapendekeza haya:

(a) Mfumo wa springi: jina la mfumo mzima. "Mning'inio" na "kusimamishwa" yaachwe.

(b) Springi: kila kinachojikunja kwa mzigo na kurudi, kiwe cha chuma, mpira au gesi. Springi ya mabapa yaweza kuitwa kamani, kwa kuwa ndiyo yenye umbo la upinde.

(c) Kitulizi: kifaa kinachotuliza mtikisiko wa springi. Shokomzoba ibaki kuwa jina la gereji na duka la spea, lenye heshima yake.

(d) Ulaini wa mwendo: ile raha anayoipata abiria.

(e) Mshiko wa barabara: uwezo wa matairi kutoiachia njia.

(f) Utii wa gari: wepesi na uhakika wa gari kuitikia amri ya usukani. Gari laweza kuwa na mshiko mwingi na utii mdogo, kama 2CV lilivyochelewa kujiweka sawa kwenye kona bila ya kuiachia barabara.

(g) Kuzidisha kona na kupunguza kona: tabia mbili za gari zilizopewa majina katika miaka ya 1930.

Hatudai kwamba majina haya ndiyo ya mwisho. Yakipatikana bora kutoka kwa mafundi wenyewe, na yachukuliwe.

Hitimisho

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili linastahili karatasi yote hii. Tunamwomba azifikirie ripoti za ajali zinazoandikwa katika nchi zetu. Ndani yake limezoeleka fungu moja la maneno: "gari lilimshinda dereva." Ni Kiswahili safi, lakini halisemi neno. Je, gari lilipunguza kona kwa sababu ya mwendo? Lilizidisha kona kwa sababu ya mzigo uliorundikwa nyuma? Mshiko ulipotea kwa sababu vitulizi vilikuwa vimekufa? Kila jibu lina mwenye kuwajibika wake: dereva, mwenye mali, mkaguzi, au mtengeneza barabara. Lugha ikikosa majina ya kuyatenga, wajibu wote humwangukia dereva, na mara nyingi dereva huyo hayupo tena kujibu.

Kwa hiyo mwalimu wa chuo cha ufundi anayemfundisha mwanafunzi kutofautisha mshiko na utii, na karani anayeandika "kitulizi cha nyuma kushoto kilikuwa kimevuja" badala ya kusema gari lilikuwa bovu, wote wawili wanafanya kazi ya istilahi. Kazi yetu sisi wa kalamu ni kuwapa maneno yaliyo tayari kwa kazi hiyo.